Sentensi ya Kweli ya Mwalimu Angèle

Ndugu, majirani, nanyi mliosoma kwake, marehemu Angèle Mwepu Kalenga alizaliwa hapa Likasi tarehe 3 Mei 1957, binti wa fundi wa mitambo, akasoma sekondari Mulungwishi, kisha Kiingereza huko Lubumbashi, akarudi kukifundisha hapa kuanzia Septemba 1980 hadi alipostaafu mwaka 2019.

Tarehe 9 Julai 1983 alifunga ndoa na baba Déogratias, ambaye mwaka 2004 alikwenda Kolwezi kutafuta kazi, akaipata, na pamoja na kazi akapata nyumba nyingine. Familia imeomba jambo hili lisemwe kwa upole, nami nimejaribu. Watoto wao ni Cédrick, aliyeko Ndola, na Laure, aliyeko Johannesburg, na Kiingereza cha mama yao ndicho kilichowafungulia njia.

Kila Jumamosi, barazani kwake, alifundisha vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo sisi wa Kifaransa tunavichanganya, kukopa na kukopesha, kufundisha na kujifunza, kubaki na kupumzika, na sharti lake lilikuwa moja tu, sentensi iwe ya kweli, itoke katika maisha ya mwenye kuisema, ulipomwambia, kama kitabuni, umemkopesha John kalamu, alikuuliza, "John gani? Weye uko na John?" Hivyo alijua nani kaachwa, nani kafukuzwa kazini, akasahihisha kitenzi na kunyamazia mengine. Walipokijua Kiingereza waliondoka, na hakuna aliyewahi kumwomba sentensi yake.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2024, na mwanzoni mwa Juni mwaka huu akalazwa. Fortunée, mwanafunzi wake wa mwisho, anayefuata vitenge Zambia, alimpelekea bukari, ugali wetu, hospitalini, akamwambia, "Mama Mwalimu, miaka yote munatuomba ya kweli, na ya kwenu iko wapi?" Marehemu akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba aliwafundisha watu kuondoka, na yeye akabaki. Fortunée alitafuta kosa, kama alivyozoeshwa, hakuliona, basi akavua viatu, akakaa naye hadi Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, alipokata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliomchotea maji kila umeme ulipokatika, na Fortunée, ambaye safari yake ya Zambia, aliyoiacha ili akae naye, bado inamngoja.

Mwalimu, leo baraza limejaa, hata wa mbali wamerudi. Pumzika kwa amani, sisi tutabaki kidogo.