Aliyemvusha Stelingi Mto wa Mamba

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mikanda, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Inasemekana kilio chake cha kwanza kiliwatoa majirani nje, na sauti hiyo hakuipunguza hadi uzeeni.

Alisoma hadi darasa la nane katika shule iliyokuwa nyuma ya soko. Walimu walimpenda ila aliwachosha: akipewa hadithi asome, alifunga kitabu katikati na kuimalizia kichwani.

Mwaka 1960 aliajiriwa kuendesha mashine katika ukumbi wa sinema uliokuwa mkabala na posta. Filamu iliyojaza ukumbi ilikuwa ile ya Hollywood ya msituni. Msitu wenyewe ulikuwa wa maturubai na tembo wa Asia walivalishwa masikio ya bandia wafanane na wa Afrika, lakini nani alijali? Stelingi, yaani mwigizaji mkuu, kifua wazi, anashika mmea mtambaa unaoning'inia juu ya mto wa mamba, anaruka, na papo hapo picha inakatika. Kipande cha kutua kilipotea kabla mkanda haujafika mjini. Watu wakapiga viti mateke. Baba akatoka mbio, akasimama mbele ya kitambaa cheupe na kumvusha stelingi kwa mdomo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Tangu siku hiyo alimvusha katika kila onyesho, na kila mara kwa namna mpya.

Mpokea simu wa posta aliirudia filamu siku ya pili, akamsubiri mlangoni.

"Kaka, jana alikanyaga mgongo wa mamba. Leo kadaka tawi. Ukweli ni upi?"

"Njoo kesho, dada."

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1966. Mama hakuacha kuuliza, hata akiwa leba, na baba hakuacha kujibu, "Kesho."

Miaka ya karibuni figo zilimsumbua. Mwezi Mei mwaka huu daktari alituambia tujiandae. Jioni ya tarehe 1 Juni, wodini, mama akavuta kiti kando ya kitanda.

"Baba Watoto, usiondoke na jibu langu."

"Mama Watoto, hata mimi sijui. Sijawahi kukiona hicho kipande."

Mama alichachamaa kweli kweli. Kisha akamwagiza mjukuu wake aitafute filamu kwenye simu, na ikapatikana nzima. Wagonjwa walisogea na dripu zao, muuguzi akachungulia. Stelingi akashika mtambaa, akaruka, akatua ng'ambo kama mtu anayeshuka ngazi.

"Ndiyo hivyo tu?" mama akauliza. Alikuwa amevunjika moyo.

"Mzee, hebu tusimulie wewe," akasema mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Baba akajiinua. Mamba wakaongezeka, mtambaa ukaanza kukatika, wodi nzima ikabana pumzi. Stelingi akaachia. Hapo baba akachoka, akamtazama mama na kutabasamu.

"Kesho."

Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 2 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja.

Mama ameomba nimalizie kwa niaba yake: stelingi alivuka, na mamba hawakupata hata ukucha. Pumzika kwa amani, baba. Ukumbi mzima umesimama.