Vendelín Krupa na Kilango Kilichoachwa Wazi

Mimi, Imrich Bado, nina miaka themanini na mitatu. Nimezika makocha kumi na tisa, mapaa mawili ya uwanja huu, nchi moja iliyogawanywa mezani, na magongo yote ya mbao. Nimenoa visu vya viatu vya barafu vya Kamenec, timu yetu ya magongo ya barafuni, miaka hamsini na miwili, na hajaanguka mtu kwa kosa la jiwe langu. Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na yule binti wa habari, msomi. Nikakataa. Yeye ana kalamu, mimi nilikuwepo.

Vendelín Krupa, fundi barafu wetu, anastaafu tarehe 30 Aprili 2024 baada ya miaka arobaini na mmoja. Alikuja kushika nafasi ya mtu aliyevunjika mguu, kwa wiki moja tu. Mguu ulipona, mwenyewe hakurudi, na Vendo hakushuka tena kwenye rolba, lile gari linalokwangua barafu na kumwaga maji ya moto nyuma yake. Siku ya harusi yake alitoka kanisani akaja kulainisha barafu ya kipindi cha tatu, bibi harusi Margita kando yake, shela likiburuzika majini. Watu walishangilia kuliko goli.

Barafu yake ilikuwa kioo. Wageni wangeweza kujinyoa wakijitazama humo. Lakini heshima yake kubwa ni ya Jumapili moja ya mwaka 1996, nami nitaieleza kama ilivyokuwa, hata pale isiponipamba.

Ilikuwa fainali, Kamenec na Lipovany, mechi tatu kwa tatu, ya saba kwetu saa kumi na moja jioni. Hatukuwa tumekutana nao fainali tangu 1974, na tangu mwaka huo hatukuwa tumegusa kombe. Asubuhi Vendo alilaza barafu, akafunga milango yote, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta alama za viatu. Jozi moja tu. Zilitoka katikati ya uwanja, zikafuata uzio wa kushoto hadi kilango cha benchi letu, wanapopita wachezaji, zikasimama hapo, zikageuka kurudi. Kama mtu aliyegonga mlango asifunguliwe.

Akalaza upya. Zikarudi. Akalaza mara ya tatu, kisha akasimama palepale kulinda, funguo mkononi. Anasema hakuona mtu. Aliona barafu ikichanika yenyewe, taratibu, kuelekea kwake.

Msimamizi wa ligi, Bohuš Tkáč, akapiga magoti na rula yake.

"Krupa, nani ameingia humu?"

"Hakuna, bwana."

"Basi huyo Bwana Hakuna ana kilo tisini. Saa kumi barafu iwe safi, la sivyo mechi inachezwa Lipovany."

Mkurugenzi wetu akaongeza lake: "Na wewe Vendo, ikienda Lipovany, nenda nayo. Hapa usirudi."

Margita alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Vendo alikuja karakana kwangu akanishika mkono wa koti.

"Mjomba Imro, njoo usome."

Mimi vitabu sisomi sana, lakini mkato wa kiatu nausoma kama padri asomavyo misa. Nikainama. Kulia, mistari miwili sawa, ya makali mawili ya kisu cha kiatu. Kushoto, mmoja tu, wa ndani, mzito. Hapa duniani ni mtu mmoja aliyetaka kiatu cha kushoto kinolewe hivyo, kwa sababu kifundo chake kilivunjika kikaunga vibaya: Rudo Kmeťko, namba tisa. Na aliyekinoa ni mimi. Rudo alianguka katikati ya barafu ile mwaka 1974, dhidi ya Lipovany hao hao, bila kuguswa na mtu. Moyo ulisimama, akafa palepale. Walimtoa kwa machela kupitia lango kubwa la rolba, maana kilango cha benchi ni chembamba.

"Sijui ni nani," nikamwambia.

"Mjomba, usinidanganye. Umepauka kama chaki."

Kila mtu wa Kamenec, hata anayeuza soseji nje, anajua hili: kilango hakifungwi mchezaji wako aliyemaliza zamu akiwa bado kwenye barafu. Unashika komeo mpaka atoke kwa miguu yake, ndipo unafunga. Siku ile mshika komeo nilikuwa mimi. Mwamuzi alipuliza, mechi ikaendelea, nami nikafunga. Rudo hakuwa ametoka kupitia hapo, kwa miguu yake. Miaka ishirini na miwili sikumwambia mtu.

Nikamwambia Vendo.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi tumfungulie."

Nilibisha. Kufungua kilango barafu ikiwa mbichi ni mwiko wa kazi yake. Maji yanavuja, ukingo unaharibika, na saa ilikuwa tisa na nusu. Palikuwa na nafasi ya kulaza mara moja tu. Vendo alilaza barafu ya mwisho, akashuka, akafungua kilango kwa mkono wake, akavua kofia.

"Njoo, Rudo," alisema. "Zamu yako imekwisha. Wengine wataingia."

Barafu ikalia mara moja, kama kucha kwenye bati. Baridi ikapita kati yetu. Kwenye zulia jeusi la mpira yakatokea maji: kulia mistari miwili, kushoto mmoja. Yakaelekea chumba cha kuvalia, taratibu, kama ya mtu aliyechoka vizuri. Vendo akanitazama, nami nikafunga kilango.

Saa kumi Tkáč alipima. Kioo. Tulishinda tatu kwa mbili katika muda wa nyongeza, na kiatu kilichofunga goli nilikinoa mimi.

Tarehe 30 Vendo atalaza barafu yake ya mwisho saa nne asubuhi, kisha mitambo ya kugandisha izimwe. Ameomba jambo moja: atoke kwa kilango cha benchi, si kwa lango la rolba. Komeo nitalishika mimi. Nimewaambia ofisi kwamba sitalisukuma mpaka viatu vyake vyote viwili viwe juu ya zulia, hata nikisimama hapo hadi barafu iwe dimbwi.

Asante, Vendo, kwa vioo vyote. Nenda kwa Margita na wajukuu, ukanyage ardhi kavu miaka mingi, na afya isikuteleze.

Anayebisha amuulize Tkáč, rula anayo bado. Au amuulize Etela Vargová wa kufulia, aliyekausha maji kwenye chumba cha kuvalia jioni ile, chini ya ndoano namba tisa, alipokuwa akitundika nguo Rudo. Anasema yalirudi, ikabidi ayakaushe mara mbili.