Muuguzi Aliyeombwa Kifo: Lukresia Ngonyani Anastaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Muuguzi Lukresia Ngonyani anavua sare aliyoivaa kwa miaka thelathini na tatu. Alianzia zahanati ya Lusewa, akahamia wodi ya wanawake hapa Songea, na kwa muda mrefu sasa ameongoza kitengo chetu cha tiba shufaa, kinachowahudumia watu ambao ugonjwa wao hautapona tena.

Wengi tutamkumbuka kwa helmeti yake. Bodaboda wa mtaa wa Bombambili walishazoea: Mama Ngonyani hapandi mpaka afungue furushi la kitenge, atoe helmeti yake mwenyewe na kuivaa juu ya kilemba. Tutamkumbuka pia kwa kuwatoa wodini ndugu wanaonong'onezana habari za mazishi mbele ya mgonjwa. "Anaumwa, hajaziba masikio," aliwaambia, kisha akawaonyesha njia ya kantini. Kwenye kwaya ya wafanyakazi aliimba sauti ya pili ambayo mwalimu wa kwaya hakuwahi kuifundisha.

Lakini wasifu huu utakuwa nusu nisiposimulia habari ya Mwalimu Bakili.

Mwalimu Bakili alifundisha hisabati Namtumbo mpaka akastaafu. Aliletwa kwetu na saratani ya koo iliyokwisha kusambaa. Siku moja, Lukresia alipokuwa akimgeuza kitandani, mwalimu alimshika mkono.

"Nesi, ile dawa yenu ya maumivu. Nipe nyingi kwa mpigo, nipumzike."

"Hilo siwezi, mwalimu."

"Ng'ombe akivunjika mguu mnamwonea huruma, mnamchinja. Mimi mwenye akili, ninayeomba kwa mdomo wangu, mnaninyima. Nionyeshe nimekosea wapi kwenye hesabu hiyo."

Lukresia alivuta kiti akakaa. Sheria hairuhusu, na Ukatoliki wake hauruhusu. Lakini alituambia baadaye kwamba kumsomea sheria mtu mwenye maumivu ni kumfungia mlango usoni. Akamwuliza, "Unaogopa nini zaidi, mwalimu?" Mzee akajibu kwamba anaogopa alfajiri, maana dawa ya jioni huwa imekwisha nguvu, na anaogopa wajukuu wamwone akilia.

Kuongeza dozi ya alfajiri lilikuwa jambo dogo. Likageuka kubwa pale mwanawe, Jumanne, aliposikia baba ameomba nini. Alikataza kabisa mofini, ile dawa ya maumivu. Kwake ilikuwa kilevi, tena njia ya polepole ya kutimiza ombi lile lile. Dada yake, Biasha, akasimama upande wa baba. "Kama amechoka, mwacheni apumzike!" alimfokea kaka yake koridoni. "Uvumilivu unaousifu wewe, anauvumilia mwingine." Mlinzi ndiye aliyewaachanisha. Mwalimu, kwa kuchoshwa na ugomvi wa wanawe, naye akaanza kuikataa dawa. Alilala akitoka jasho, ameuma shuka.

Lukresia alikwenda kwa shehe wa msikiti anakoswali Jumanne, akamwomba aje. Akamwita pia Padri Polikarp, anayewahudumia wagonjwa wetu. Daktari alishauri wakutane ofisini. Lukresia alikataa. "Mwili ni wake," alisema. "Tuzungumze akiwepo."

Basi wakaketi kuzunguka kitanda. Shehe alisema uhai ni amana, mwenyewe ni Mungu, na mja hana ruhusa ya kuurudisha kabla haujadaiwa. "Lakini, Jumanne, kulewa kwa starehe ni jambo moja na dawa ya mgonjwa ni jingine. Kumwondolea mzee maumivu si dhambi." Padri Polikarp alikubaliana naye, akaongeza kwamba kinachotofautisha ni nia: dawa inayopimwa ili mtu apate nafuu si sawa na inayopimwa ili mtu asiwepo. Tena, alisema, kifo kinapokuja chenyewe hatulazimiki kukizuia kwa kila mtambo.

Mwalimu aliwasikiliza wote. Kisha akasema, "Amana, sawa. Mbona kuibeba naachiwa peke yangu?"

Shehe aliinamisha kichwa.

"Hapo umesema kweli," Lukresia akajibu. "Jumanne, mwanangu, kesho baada ya swala ya alfajiri utampa baba dawa kwa mkono wako. Nitakufundisha kupima."

Alfajiri ile Jumanne alipima dawa, matone mawili yakamwagikia kwenye kanzu yake. Baba yake akameza, na jua lilipotoka alikuwa amelala.

Walimrudisha nyumbani Namtumbo, na Lukresia akawa anamfuata huko. Hoja yake Mwalimu hakuiacha. "Bado nasema nilikuwa na haki ya kuomba," alimwambia siku moja. "Kuomba ulikuwa na haki, mwalimu," Lukresia akamjibu, "nami nilikuwa na haki ya kukataa, ilimradi nisikukimbie." Mzee akacheka mpaka akakohoa. Alifariki mchana, wanawe wote wawili wakiwa naye.

Haikuisha kwa wote kuridhika. Kwenye arobaini Biasha alimwambia Lukresia waziwazi kwamba zile siku baba alizouma shuka hazitamtoka moyoni, na kwamba hajui kama walitenda haki. Lukresia hakujitetea. Alikaa naye jikoni wakamenya vitunguu.

Tangu hapo shehe na padri wanakaribishwa kwenye vikao vya kitengo chetu, na wauguzi wa vijijini wamefundishwa na Lukresia kutoa mofini ya maji bila woga.

Mwezi uliopita, kwenye chai ya kumuaga, mwenzetu Pamela alimwuliza kama aliwahi kutamani kusema ndiyo.

"Niliwahi," alisema. "Kwa mama yangu mzazi. Siku ile nilimwomba nesi mwingine ashike dawa, nisije nikaizidisha. Mimi nikawa mtoto wa mama tu, nikamshika miguu mpaka mwisho."

Mama Ngonyani, asante kwa kubaki pale ambapo wengi wetu tulitafuta sababu ya kutoka. Nenda kalime, ulale mpaka jua lipande. Tunakuombea uzee wenye afya, na siku zako zote uwe na mtu wa kukaa karibu nawe.

Edwin, tabibu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako