Bi. Dokata Elema na Nakala za Biliqo

Bi. Dokata Elema anastaafu leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti, baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya alama za mifugo hapa Isiolo. Katika miaka hiyo amepewa viti vinne. Cha mwisho kililetwa miaka sita iliyopita na bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Si kwamba anakitunza. Hajawahi kukikalia muda wa kutosha kuiona.

Alianza 1998 kama karani, akichora kwa penseli alama ambazo kila familia huchoma kwenye shavu la ngamia wake. Alizunguka Burat, Gotu hadi Biliqo, mara nyingine kwa miguu, kwa kuwa kungoja gari kulimchosha kuliko kutembea. Madaftari yalipoondolewa tukaletewa simu na tableti, wengi wetu tulingoja kufundishwa. Yeye alibonyeza kila kilichobonyezeka. Siku mbili tableti yake iliandika Kichina. Ya tatu alikuwa akitufundisha sisi.

Ndiye aliyetuzoesha kuunganisha kila kifaa na kompyuta ya ofisi ili picha ziwe na nakala. Aliyesahau alifuatwa hadi hotelini, chai ikiwa mdomoni.

Sasa, programu ya nakala huweka kila kitu kwenye diski ya ndani ya kompyuta, na haiulizi mtu. Mwezi huu diski hiyo ilijaa. Kahin, anayemrithi Bi. Dokata, alileta diski ya nje, akahamishia huko folda nzima ya nakala, akaenda msikitini akiwa mtu mwenye raha. Programu ikarudi mahali pake pa zamani, ikakuta patupu, ikafungua folda mpya isiyo na kitu. Hakuna aliyejua.

Tulijua juzi. Ado, mtu wetu wa Biliqo, aliingia na tableti iliyotumbukia kwenye birika la kunyweshea ngamia. Kesho Jumamosi wazee wa Biliqo wanaamua ngamia mmoja jike ni wa mjane Sabdio au wa jirani yake. Alama iliyoko shavuni imechomwa juu ya nyingine, na picha ya ile ya kwanza, ya miaka mitatu iliyopita, ilikuwa kwenye tableti hiyo. Tukampa Ado tableti mpya, tukaiunganisha. Programu ikajibu kwamba haina nakala yoyote ya Biliqo.

Kahin akaeleza kwamba folda aliihamishia kwenye diski ya nje. Ado akataja, kwa upole wa mtu aliyesafiri tangu alfajiri, kwamba gari la Merti, linalopitia Biliqo, linaondoka saa tisa.

“Wee Kahin,” Bi. Dokata akasema, “mtu akihamisha boma huacha mtu kisimani awaelekeze wageni. Wewe ulimwacha nani?”

Kwanza alitoa nakala ya nakala kwenye diski ya pili, maana diski moja haiamini. Folda tupu hakuifuta. Aliipa jina lingine, akaisukuma kando. Kisha, pale pa zamani, akaweka kiungo kinachoelekeza kwenye diski ya nje. Programu ikaja, ikaelekezwa, ikafika. Biliqo ilikuwepo, nzima.

Ikabaki kurudisha picha kwenye tableti mpya. Saa saba, asilimia arobaini. Saa nane, sitini na mbili. Bi. Dokata alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, mpaka Ado akamwomba, “Mama, kaa. Unanichosha miguu mimi.” Hakukaa. Saa tisa kasorobo picha ikafunguka: shavu la ngamia, mistari miwili na duara, alama ya nyumba ya Sabdio. Ado akakimbilia gari.

Hapo Bi. Dokata akavuta kiti, akaketi. Nailoni ikalia ofisi nzima ikasikia. Bila kugeuka akamwambia Kahin asifute chochote, hata ile folda tupu, mpaka Ado apige simu baada ya wazee kuamua. Kwa hiyo kesho, siku yake ya kwanza ya kustaafu, tunamtarajia mlangoni saa mbili.

Bi. Dokata, asante kwa kila alama iliyobaki na mwenyewe. Tunakuombea afya na siku nyingi zenye utulivu, ukiuweza. Kiti ni chako, nenda nacho. Nailoni hatukuitoa, utaitoa ukipata nafasi ya kukaa.