Bwana Tulia Atakabidhiwa Nini?

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuifundisha timu ya mpira wa miguu ya kiwanda chetu cha nguo, kocha wetu mpendwa anastaafu rasmi. Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye kitambulisho, na hata mimi hunibidi nifikiri kidogo ndipo nilikumbuke. Sisi tunamwita Bwana Tulia. Ndilo neno analolipigia kelele tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, huku mwenyewe akirukaruka pembeni mwa uwanja kama mtu aliyekanyaga siafu.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi, muuguzi wa zahanati ya kiwanda na wa timu, nimekaa naye benchi moja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, ukimtoa mkewe. Wachezaji huniita Mama Barafu kwa ajili ya lile sanduku langu. Niliambiwa niandike kwa heshima na nisimtanie sana mstaafu. Nimekubali kwa shingo upande. Lakini kamati haikuniambia jambo moja, nikalisikia mwenyewe kwa mkewe: mstaafu amegoma. Hataki kuja kwenye sherehe yake.

Nitaeleza kwa nini. Kwanza tumjue mtu tunayemuaga.

Aliingia hapa kama fundi wa mitambo ya kufuma, na aliyemwona akihangaika na mtambo uliokwama anasema hakuwa anaugonga nyundo kama wenzake, alikuwa akiubembeleza. Kocha wa wakati ule alipotuhama katikati ya msimu, bila hata kwaheri, meneja aliuliza nani hapa anaujua mpira. Wenzake wakamsukuma mbele kwa mzaha. Akakubali kuishikilia timu kwa mwezi mmoja tu mpaka apatikane mwenyewe. Basi mwezi wenyewe ndio huu unaoisha sasa.

Aliikuta timu iko daraja la tatu, na jezi zimechanika kwapani. Timu ya kiwanda cha nguo, jamani. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani wa kitengo cha ushonaji na mimi namwita dada, alizishona upya zote kwa mkono wake. Timu ikapanda daraja la pili, ikapanda la kwanza, na tangu siku hiyo haijashuka. Mara nne tumemaliza nafasi ya pili. Yeye ndiye aliyeanzisha timu ya wanawake, wakati wakubwa fulani wakicheka chini chini. Na ndiye aliyeweka sharti kwamba hapandi mtu kikosi cha kwanza kama hana kazi anayojifunza humu kiwandani. Goti likimtoa mchezaji uwanjani, asikute mlango wa kutafutia riziki nao umefungwa. Nendeni stoo, nendeni kwenye mapipa ya rangi, nendeni lango kuu: kote mtamkuta mtu aliyewahi kucheza chini yake na leo analisha watoto.

Mazoezi yake yalikuwa na vituko vyake. Kila Jumatano wachezaji walibadilishana nafasi. Beki alicheza mbele, winga akarudi nyuma, ili kila mmoja aujue mzigo wa mwenzake na aache kulaumu. Mwaka mmoja mvua ikaharibu mechi ya Jumamosi, ikasogezwa mpaka Jumatano. Filimbi ikalia, na vijana wetu, kwa mazoea tu, wakajipanga Kijumatano. Winga wetu mwembamba alijikuta amesimama katikati ya ngome, na beki wetu wa kati, yule mwenye kifua kama kabati, akawa anazurura mbele ya lango la wenzetu. Bwana Tulia alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tulifungwa bao la mapema. Kabla hawajajirekebisha, mpira ukamgonga beki begani na kuingia wavuni. Ni bao pekee alilofunga maishani mwake. Leo ni mtunza stoo, na ukienda kuchukua kifaa chochote ni lazima ulisikie hilo bao kwanza ndipo upewe.

Sasa nirudi kwenye ule mgomo.

Wafanyakazi wapya huenda hamjui utaratibu wetu. Hapa mtu akistaafu hapewi saa wala picha ya ukutani. Hukabidhiwa kazi ya mikono yake mbele ya wenzake. Mfumaji hukabidhiwa jora la mwisho alilofuma. Dereva wa lori aliendesha mzunguko mmoja uani huku honi ikilia, na mpishi wa kantini alipakuliwa chakula alichokipika mwenyewe, kikiwa na chumvi ya kuua kwa sababu alikuwa akilia juu ya sufuria. Mshereheshaji huuliza: mikono hii imefanya nini? Kisha kitu kinaletwa. Watu wanasimama na kupiga makofi, na wengi wetu tunatoa leso.

Bwana Tulia aliiambia kamati kwamba siku yake ikifika, mshereheshaji atauliza na hakuna kitakacholetwa. Kabati la vioo pale mapokezi halina kombe la ubingwa. Kamati, kwa nia njema isiyo na akili, ikapendekeza linunuliwe kombe dukani lichongwe jina lake. Alichukua kofia yake, akaondoka. Kesho yake mkewe akanijia zahanati na kuniambia kwamba shemeji yangu amesema sherehe ni za walioshinda.

Nilikasirika, na sijapoa hadi sasa. Ila nitasema haki. Kombe ni kitu, asiniambie mtu kwamba si kitu. Wafanyakazi wametoka zamu ya usiku, hawajalala, wakaja kuishangilia timu, na wanataka siku moja walinyanyue na wao. Mimi mwenyewe nimewahi kulia nyuma ya basi la timu kwa sababu ya hilo hilo kombe. Mhasibu wetu, mtu mwenye ulimi wa wembe, husema kocha bila kombe ni mpishi bila chakula. Yeye na mimi tumebishana kantini miaka yote hii bila kuafikiana. Ligi yetu ina timu kumi na sita na kombe moja. Kila mwaka makocha kumi na watano hurudi nyumbani mikono mitupu. Je, wote hawakufanya kazi? Mgonjwa akitoka wodini hatumuulizi kama alikuwa wa kwanza kupona. Tunauliza kama anatembea.

Tena kombe lenyewe tuliwahi kulikaribia mpaka tukaiona sura yetu ndani yake. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, na ushindi ungetupa ubingwa. Tulikuwa sare, moja kwa moja, na tulikuwa na Msumari, mshambuliaji wetu, aliyekuwa amefunga msimu ule mpaka makipa wakamchoka. Jukwaani alikuwepo mjumbe wa timu moja kubwa, amekuja kumtazama yeye tu. Ikapigwa kona, Msumari akaruka na beki wa wenzetu, vichwa vikagongana. Nilifika nikamkuta ameshasimama, anacheka. Nikamuuliza matokeo ni ngapi kwa ngapi, akasema tunaongoza mbili. Nikamuuliza lango la wapinzani liko wapi, akanionyesha maegesho ya magari.

Nilinyanyua mkono kumwambia kocha kwamba huyu haendelei. Hakuuliza mara mbili. Msumari alikataa kutoka, akavua kitambaa cha unahodha akakitupa chini, na uwanja mzima ukatuzomea. Meneja mkuu alisimama jukwaani akipunga mikono kwamba arudishwe. Mechi ikaisha sare na kombe likapanda basi la watu wengine. Jioni ile hospitali walimpima Msumari kichwa, wakasema hakuna kilichoharibika, baada ya wiki atacheza. Yule mjumbe alikuwa ameondoka kabla ya filimbi ya mwisho, na hakurudi tena.

Laiti wangemkuta na jeraha kubwa, watu wangesema kocha ameokoa maisha. Hawakumkuta nalo, basi kocha akaonekana mjinga. Uongozi ulimwita na kumuuliza ni nani aliyemshauri upuuzi ule. Alijibu kwamba uamuzi ni wake. Wakamuuliza tena, akajibu vilevile. Walimweka chini ya uangalizi msimu mzima, na mimi niliyesema yule mchezaji atoke sikuulizwa neno hata moja. Nilikuja kuyajua haya baadaye kwa katibu muhtasi aliyekuwemo chumbani. Nilipomfuata kocha kumshukuru, aliniambia nikaangalie kama barafu inatosha kwa mazoezi. Shemeji, leo huwezi kunituma barafu. Asante. Uliniwekea mgongo wako, na sikusahau hata siku moja.

Msumari hakumsamehe upesi. Kwa miaka miwili alicheza, alitii, lakini salamu ya kocha hakuijibu. Bwana Tulia alimsalimu kila asubuhi kama anayejibiwa, akamuuliza na habari za nyumbani, kisha akaendelea na shughuli zake. Asubuhi moja, bila kikao wala msuluhishi, Msumari akajibu kwamba nyumbani hawajambo. Yakaishia hapo. Magoti yake yalipochoka, kocha alimwita awe msaidizi wake.

Ndivyo tulivyofika kwenye fainali ya kombe la mtoano, wiki tatu zilizopita. Wengi mlikuwepo. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Bwana Tulia, na kila mfanyakazi alijua kwamba tukishinda, mzee anaondoka na kombe mkononi. Ila mzee mwenyewe, katika nusu fainali, alipiga teke chupa ya maji ikamfikia mshika kibendera, akafungiwa mechi moja. Kwa hiyo fainali aliitazama jukwaani, amebanwa kati ya mkewe na yule mhasibu, haruhusiwi kutoa agizo lolote. Benchi likawa la Msumari.

Tuliongoza bao moja hadi dakika za lala salama. Kipa wetu akatoka kuudaka mpira wa juu, goti la mshambuliaji likampata kichwani. Alipoinuka alisema yuko sawa, lakini nilipomwambia anifuate kidole kwa macho, macho yake yalikuwa na safari yao. Nikageuka kuelekea benchi, nikanyanyua mkono. Nakiri nilikuwa naogopa kutazama. Nilijua Msumari anajua kuliko sisi sote mkono ule uligharimu nini. Kipa wa akiba hakuwa amecheza mechi hata moja mwaka huu. Kombe lilikuwa mezani, limefungwa riboni, na mwenye kustahili kulipokea alikuwa juu yetu jukwaani.

Msumari alikwisha kugeuka kabla mkono wangu haujashuka. Alikuwa anamvalisha kipa wa akiba glovu, anamwambia atulie.

Tulifungwa mawili. Kombe mnalijua lilikokwenda. Kipa alilazwa siku mbili, sasa yuko kazini kwenye mapipa ya rangi, na kama angebaki uwanjani ingekuwaje, hilo hajui mtu. Uongozi ulimwita Msumari, maana ndiye anayependekezwa kuirithi timu, wakamuuliza kama yuko tayari kuahidi ubingwa. Aliwajibu kwamba ataupigania kwa nguvu zake zote, ila hawezi kuuahidi. Anachoweza kuahidi ni kwamba muuguzi akinyanyua mkono, mchezaji anatoka. Meneja mkuu, yule yule aliyepunga mikono mwaka ule, akaomba karatasi ya uteuzi atie sahihi.

Jumapili iliyopita Msumari aliniambia twende wote kwa mzee. Tulimkuta sebuleni na fulana ya ndani, redio iko mapajani, haiwaki. Msumari hakukaa. Alimwambia kwamba amesikia mzee amegoma kuja, na sababu ameisikia. Kisha akamwambia kwamba kwa miaka miwili alimwona kama mtu aliyemwibia bahati yake, na kwamba siku ya fainali aligundua hakuwa ameibiwa kitu, alikuwa akifundishwa. Mshereheshaji akiuliza mikono hii imefanya nini, akasema, kaa kwenye kiti chako tu, nitakayesimama ni mimi.

Mzee aliitua redio mezani. Dada alikuwa mlangoni na sinia la chai, hakuingia. Mzee akauliza sherehe inaanza saa ngapi.

Ni saa nne asubuhi, shemeji, kwenye bwalo la kantini. Kwa niaba ya wafumaji, wapaka rangi, washonaji, madereva, timu ya wanaume na ya wanawake, na kila aliyetoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe ukiwa kocha, tunasema asante kwa kutulea. Mungu akupe afya, akupe miaka mingi pamoja na dada, na uendako ukaheshimiwe kama tunavyokuheshimu hapa.