Mama Irene Aliyekataa Kutupelekea Mafaili

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bibi Elizabeti Mwakalinga, mkuu wa masjala yetu, anastaafu baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa furaha. Nitajitahidi, ila niseme mapema kwamba ninaogopa, na wala siko peke yangu.

Bibi Elizabeti, au Mama Irene kama tunavyomwita sote kwa jina la mwanawe, alitokea Tukuyu na sanduku la masweta ambayo joto la Mtwara halikumruhusu kuyavaa hata siku moja. Alipangiwa Kitaya, karani wa mazao. Huko ofisi yake ilikuwa baiskeli. Aliwazungukia wakulima wa korosho na ufuta kando ya Ruvuma hadi Kilambo, na kwa jinsi wenyeji walivyomtisha kuhusu mamba, hata kunawa mikono mtoni alikuwa hathubutu.

Alipohamishiwa hapa mjini akapewa meza, kiti na feni, alidhani ameula. Mwaka haukuisha miguu ikaanza kuvimba na mgongo kumkata. Alikwenda kwa daktari akisingizia hewa ya bahari. Daktari alimwuliza swali moja tu: huwa anainuka saa ngapi akiwa kazini? Alihesabu, akaona ni saa ya kwenda nyumbani tu, na hesabu hiyo ikamtisha kuliko maumivu yenyewe.

Basi alipokabidhiwa masjala, vita vikaanza. Desturi ya maofisini tunaijua: unaagiza faili, mhudumu anakuletea mezani, ukimaliza anakuja kulichukua, na chai inakufuata hapo hapo. Mama Irene aliifuta. Anayetaka faili alifuate mwenyewe masjala, mwisho kabisa wa baraza, na alirudishe kwa miguu yake kabla ya kupewa jingine. Birika la chai nalo likahamia huko.

Tulinung'unika sana. Mkuu wetu wa wakati ule aliona ni dharau, akakaa kutwa nzima akisubiri faili lake lije. Halikuja. Jioni alilifuata mwenyewe, akalikuta limewekewa kikombe cha chai pembeni. Wengine tulificha mafaili kwenye droo ili tusitembee, naye akayasaka na kuyarudisha. Athumani wa takwimu alijitetea kwamba yeye huinuka kwenda kuswali, kwa hiyo asihesabiwe. Mama alimkubalia adhuhuri na alasiri, kisha akamwuliza asubuhi yote ile ameiachia nani. Tukambatiza Mama jina la Trafiki, na yeye akawa analiitikia.

Mzaha huo uliisha msimu wa korosho wa mwaka juzi. Mama alikuwa Tukuyu kwenye msiba wa dada yake. Minada ilipamba moto, na Mzee Josephu, mhasibu wetu mkuu, alizidiwa na kazi. Kwa heshima ya umri wake ofisi nzima ilimwonea huruma. Mafaili tukampelekea mezani, chai tukampelekea, hata wali wa mchana. Mguu wake mmoja ulipovimba alilaumu kiatu. Siku moja aliinuka kwenda msalani, akakosa pumzi, akaanguka katikati ya meza zetu. Hospitali walituambia damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimepanda hadi kwenye mapafu. Huruma yetu nusura imuue.

Alinusurika, ila hofu ilihamia ofisini na haijahama tena. Mimi mwenyewe kila jioni huyabonyeza mashavu ya miguu yangu nikitafuta uvimbe. Mama Irene aliporudi hakumlaumu mtu. Alilia masjala mlango ukiwa wazi, akafuta uso, na Mzee Josephu aliporejea kazini akaenda hadi kwenye meza yake.

"Josephu," alimwambia, "mamba nilikuwa nasikia maji yakitikisika. Hiki kiti chako hakinipi dalili yoyote."

Tangu hapo akawa anamfuata kila asubuhi na kila mchana, anasimama kando yake mpaka ainuke. Mzee Josephu ni mkali, hakuna mwingine aliyethubutu. Daktari alikuwa amemkataza kukaa muda mrefu, na sote tulijua kwamba anayemtekelezea amri hiyo ni Mama Irene.

Sasa mafaili yote yamehamia kwenye kompyuta. Unabonyeza, linafunguka, huna haja ya kuinua hata kisigino. Na Mama yuko likizo ya kustaafu tangu mwanzoni mwa mwezi.

Jumatatu iliyopita niliinua kichwa nikashtuka jinsi ofisi ilivyokuwa kimya. Hapakuwa na mtu barazani. Mzee Josephu alikuwa pale pale alipoketi asubuhi, macho kwenye kompyuta, mkono mmoja unausugua mguu. Mimi ni karani wa chini kabisa, na ameshanifukuza mezani kwake zaidi ya mara moja. Nikaenda nikasimama kando ya meza yake. Akaniuliza nani kanituma.

"Hakuna, Mzee," nikasema. "Naogopa."

Akavua miwani, akainuka. Tulitembea hadi masjala, ambako hatukuwa na cha kuchukua, na Nasra, mrithi wa Mama, akashtuka kutuona. Tuliporudi Athumani alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake ya kutembea, na nyuma yake wengine wawili. Hakuna aliyecheka.

Mama Irene, asante kwa kutusumbua miaka yote hii. Nenda salama, Mungu akupe afya ya kutembea kila utakakotaka, na wajukuu wa kukimbizana nao. Hofu uliyotuachia tunaitunza, na zamu ya kumfuata Mzee nimeichukua mimi.

Mzee Josephu ameomba asiwekwe kwenye orodha ya watakaozungumza leo, kwa kuwa anasema sauti haitatoka. Ameniagiza niandike tu kwamba yuko hai.