Taji la Besi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya banda la fundi viatu, ambaye ni mimi, ndiyo maana upande wa kivuli ni wangu. Kinyozi hukaa katikati, macho yakiwa ng'ambo ya barabara kwenye kiti chake cha kazi, mteja asije akaghairi. Dereva wa teksi tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kushindwa kesi isiyomhusu. Mama Kahawa yuko na birika lake. Mwisho wa benchi, kimya, yupo Besi, fundi wa kuchomelea vyuma, sauti nzito kuliko zote katika kwaya nzima ya kanisa. Jumatano ile ya mvua kinanda cha kanisa kilikutwa chini, kimevunjika. Ufunguo wa chumba anao Besi, basi wazee wa kanisa wakasema ni yeye, wakamtenga mpaka akiri. Jumamosi hii binti yake anaolewa. Asipokiri, hamwingizi binti kanisani; atachungulia dirishani kama mpita njia. Sisi tunampenda sana, kwa hiyo tulikuwa tunamtia moyo.

— Huu ndio uvumilivu wa Kikristo, Wakili akasema. Ukiteseka kwa kosa lako, hayo ni malipo. Ukiteseka bila kosa, huo ndio msalaba. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini? Kinyozi akauliza.

— Cha thawabu! Kila anaposonywa sokoni, taji lake kule juu linaongezwa kito.

— Mbona litakuwa zito sasa? Shingo itahimili?

— Atapewa shingo nyingine. Kule hawana shida ya vipuri.

Besi akakohoa, kama mtu mwenye neno.

— Shhh! Mama Kahawa akamwinulia kiganja. Usinung'unike, baba. Ukinung'unika, thawabu yote inamwagika.

Besi akalimeza neno lake pamoja na kahawa.

— Mimi namwonea wivu, Kinyozi akasema. Nimemwomba jirani yangu anisingizie wizi wa kuku. Kakataa! Eti watu hawataamini, mbio zenyewe sina.

— Pole sana.

— Nikaamua kutia kokoto kwenye kiatu. Natembea nayo mpaka leo.

— Hiyo si dhuluma, hiyo ni kokoto. Nani kakudhulumu hapo?

— Kokoto.

— Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema mimi, na wote wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mama Kahawa akamtazama Besi kwa huruma.

— Jumamosi nitampelekea kigoda pale dirishani.

— Kigoda! Wakili akaruka. Unataka kumharibia? Asimame!

— Mwavuli basi. Jua la mchana litamchoma.

— Mwavuli unakata nusu ya thawabu.

— Tena na dirisha lifungwe, Kinyozi akasema, macho yakimng'aa. Asione kitu! Asikie vigelegele tu!

— Hapo sasa! Hapo anapaa na viatu vyake!

Besi akakohoa tena. Tukamnyamazisha wote kwa pamoja.

Ndipo akatokea bwana harusi mwenyewe, mkwe wake Besi, ambaye hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu. Alikuwa na koti jipya begani.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mkwe. Karibu, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Baba, nimekuletea koti la harusi ulijaribu.

Besi akasimama, akalivaa. Lilimkaa sawasawa, mabegani na kifuani. Akalipapasa kidogo, kisha akalivua, akalikunja vizuri.

— Lirudishe, mwanangu. Mtu wa dirishani halihitaji.

Kijana akalipokea, akabaki amesimama pale.

— Samahani, wazee. Hicho kinanda wanasema kilivunjika wakati gani?

— Mvua ilipokuwa inanyesha, Wakili akasema. Mchana kilikuwa kizima, mvua inakatika kiko chini.

— Na baba wakati huo alikuwa wapi?

— Hapa! tukajibu kwa fahari. Papo hapo alipo! Mvua ilitubana wote chini ya banda mpaka ikakatika. Hata haja ndogo hakwenda!

— Ahaa. Mmeshamwambia mchungaji?

Wakili akaitazama teksi yake. Kinyozi akatazama ng'ambo, hapakuwa na mteja. Mama Kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika mpaka chini. Mimi nikaokota kiatu cha mtu nikaanza kukagua soli. Niliona aibu, sitaki kuficha.

Besi akakohoa, na safari hii hakuna aliyesema shhh.

— Wazee wa kanisa wanataka shahidi, akasema kwa ile sauti yake, benchi likatetemeka. Kila nikitaka kuwaomba mnaniziba mdomo. Nampigia Mungu magoti aniletee hata mmoja tu. Naye kila siku ananileta hapa, nakaa na wanne, nawanunulia kahawa.